Samaki Aliyekuja na Meli

Gari likikusumbua Nairobi, fundi anakutuma Grogan. Kibao kinasema Kirinyaga Road, lakini hakuna fundi anayesema hivyo. Ni Grogan, na kila mtu anajua ni wapi: kule chini karibu na mto, kwenye spea, taa za Probox na shoki ambazo hujui zilitoka kwa gari la nani. Nimetumwa huko tangu nikiwa darasa la sita na sikuwahi kujiuliza huyo Grogan alikuwa nani. Nilikuja kujiuliza nikiwa mbali kabisa na spea, ndani ya mashua Naivasha, nimeshika samaki kwa mikono miwili.

Wacha nieleze.

Mwaka jana mwezi wa Agosti, mimi na binamu yangu tuliamua kutengeneza video ya kuvua samaki. Nilikuwa nimetazama sana wale wazungu wa mtandaoni, mnawajua, wa kofia na miwani ya jua. Wanaenda kwenye kaziwa kadogo, wanavuta samaki mkubwa, wanampiga picha, wanambusu, wanamrudisha majini. Nikasema kwani sisi hatuna ziwa? Tukapanda matatu, tukalala kwa rafiki Karagita, na asubuhi na mapema tukawa ufuo wa Kamere na ufito wa kuazima na chambo bandia cha plastiki chenye rangi ya chura mgonjwa. Mzee mmoja mwenye mashua akatuangalia, akacheka, akataja bei, tukaomba punguzo, akatupunguzia kidogo, tukaingia.

Saa mbili asubuhi, kando ya mafunjo, uzi ukavutwa. Sitawadanganya, nilipiga kelele kama mtoto. Samaki aliruka nje ya maji mara mbili kabla hatujamwingiza mashuani. Mgongo wa kijani, mstari mweusi ubavuni, na mdomo mkubwa hata taya linapita jicho. Wavuvi wa pale wanamwita blakibasi.

Nikageukia kamera. "Wasee, huyu hapa ndiye samaki wetu wa Naivasha..."

Mzee akanikata. "Huyo si wa hapa, kijana. Huyo alikuja na meli."

"Sasa wa hapa ni yupi, mzee?"

Akavuta kasia mara mbili tatu kabla ya kunijibu. "Wa hapa hayuko."

Ile video haikuwahi kutoka. Nilirudi nyumbani na hilo neno moja, hayuko, nikaanza kusoma. Na nikisema kusoma simaanishi nilitafuta dakika tano halafu nikalala. Nilisoma wiki kadhaa, na kila nikifungua mlango mmoja nakuta mwingine.

Mlango wa kwanza ulikuwa na jina la Grogan.

Ewart Grogan ni yule Mwingereza aliyejulikana ulimwenguni kwa kusafiri kutoka Cape Town hadi Cairo, kati ya 1898 na 1900, sehemu kubwa kwa miguu. Baadaye akaja kukaa huku kwetu, akawa mlowezi tajiri, mwenye ardhi na maneno mengi. Sasa, mwaka 1905, yeye ndiye anayetajwa kuwa aliagiza mayai ya trauti kutoka Scotland, kwenye ziwa linaloitwa Loch Leven, na vifaranga wakatiwa katika Mto Gura, kwenye milima ya Aberdare.

Hebu fikiria hiyo kazi. Mayai ya trauti yanataka baridi wakati wote. Trauti ni samaki wa maji baridi yenye hewa nyingi. Maji yakipata joto, anaishiwa na pumzi. Kwa hiyo mayai yanatoka Scotland yakiwa kwenye barafu, yanapita baharini wiki nzima na nyingine, yanafika Mombasa kwenye lile joto unalolijua, yanapakiwa kwenye reli ambayo ilikuwa imefika Kisumu miaka minne tu iliyopita, halafu yanapandishwa mlimani mahali ambapo hakuna barabara ya gari. Mzigo wa aina hiyo siku hizo ulipandishwa na watu. Jina la Grogan tunalo, ata limebaki kwenye spea. Majina ya waliobeba barafu kichwani hayako popote.

Yote hayo kwa nini? Si kwa sababu watu wa huku walikuwa na njaa ya samaki. Jamii nyingi zilizoishi kuzunguka milima ile hazikula samaki kabisa. Kwa Wakikuyu wa zamani, samaki alikuwa karibu na nyoka: anateleza, hana miguu, anaishi mahali usipoona. Trauti aliletwa kwa sababu walowezi walikuwa wamefika nchi yenye mito baridi, mizuri, inayofanana na ya kwao, na mito hiyo haikuwa na kitu cha kuvua siku ya Jumapili. Waliona mto mtupu. Hiyo ndiyo sentensi ninayotaka ukumbuke: waliona mto mtupu. Kama vile walivyoona ardhi tupu.

Miaka miwili baadaye, Machi 1907, Grogan huyohuyo aliwachapa viboko wavuta riksho watatu Wakikuyu hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi, umati wa walowezi ukitazama, akidai kwamba waliwakosea heshima wanawake wa Kizungu. Alihukumiwa kifungo kifupi. Siweki hadithi hizi mbili pamoja ili kuchafua samaki. Samaki hana makosa. Naziweka pamoja kwa sababu ni mtu mmoja, na mkono mmoja, ndani ya miaka miwili. Aliyepanda trauti mtoni ndiye aliyejiona ana haki ya kuamua nani atasimama wapi.

Baada ya ile trauti ya kahawia ya Scotland ikaja nyingine, ya upinde wa mvua, ambayo asili yake ni magharibi ya Marekani Kaskazini. Zikaenea mito ya Aberdare na ya Mlima Kenya. Mwaka 1948 kikajengwa kituo cha kutotolesha vifaranga vya trauti Kiganjo, karibu na Nyeri, ili mito ijazwe kila mwaka. Na pamoja na samaki zikaja sheria zake: leseni, msimu, kipimo cha urefu, ndoano gani inaruhusiwa na ipi hairuhusiwi. Mto ambao wanawake walichota maji na watoto waliogelea ukapata mwenyewe. Maji yalibaki ya kila mtu, kwa maneno. Kilichokuwa ndani ya maji kikawa cha wenye karatasi.

Hapa naleta shosho yangu.

Shosho alikulia karibu na Mto Thego, upande wa Nyeri, ambako baba yake alikuwa kibarua katika shamba la mzungu. Alikuwa na kaka mkubwa, mtundu, mtu wa mikono. Siku moja kaka yake akakunja pini, akaifunga kwenye uzi wa gunia, akachomeka panzi, akatoa trauti mtoni. Shosho anasema alikuwa na madoadoa, mzuri, kama amechorwa. Yeye alikuwa na miaka kama kumi hivi. Walimficha chini ya majani ya ng'ombe, si kwa sababu walitaka kumla. Kwao hakuna mtu angemla. Mama yao angewafukuza jikoni na sufuria angeitupa. Walitaka tu kuendelea kumtazama.

Askari wa mto akawaona. Kaka yake alipigwa viboko sita mbele ya vibarua wengine, na baba yao akakatwa mshahara. Kwa samaki ambaye nyumba nzima haikujua hata anapikwaje.

Shosho akimaliza hiyo hadithi huwa hasemi kitu. Anakunja leso yake tu.

Sasa weka hiyo kando ya hii nyingine ambayo wengi mmeisikia. Wakati Elizabeth wa Uingereza alipoolewa mwaka 1947, koloni la Kenya lilimpa zawadi ya harusi: nyumba ya mapumziko pale Sagana, chini ya Mlima Kenya, kando ya mto wenye trauti. Februari 1952 akaja na mumewe. Wakalala usiku mmoja Treetops, ile hoteli ya juu ya mti, wakarudi Sagana, na hapo ndipo mnamo tarehe 6 alipoambiwa kwamba baba yake amefariki na yeye sasa ni malkia. Miezi minane baadaye, Oktoba 1952, Hali ya Hatari ikatangazwa. Msitu uleule wa Aberdare na Mlima Kenya, wenye mito ileile iliyojazwa vifaranga, ukawa msitu wa Mau Mau. Nyumba ya Sagana ilirudi kwa Kenya tulipopata uhuru na leo ni ikulu ndogo. Kwa mwendo wa gari si mbali na pale kaka ya shosho alipochapwa. Kwenye ramani ni majirani. Kwenye maisha ni dunia mbili.

Sawa. Turudi Naivasha, kwa sababu mzee wa mashua hakusema kitu kuhusu trauti. Ingawa, kwa taarifa yako, trauti wako juu kwenye Malewa, mto mkubwa unaoingia ziwani, na mara mojamoja mmoja huteremka na kupatikana ziwani, amepotea njia.

Jina Naivasha linatokana na neno la Kimaasai la maji yanayochafuka, yenye mawimbi, na ukiwa pale saa nane mchana upepo ukianza, utajua hawakukosea. Lilikuwa ziwa la malisho. Mwaka 1904, Agosti, wawakilishi wa Wamaasai walitia alama kwenye mkataba na serikali ya Waingereza, na Wamaasai wakaondolewa kwenye sehemu hii ya Bonde la Ufa, wengine wakapelekwa Laikipia na wengine kusini. Mkataba ulisema ungedumu daima. Haukumaliza hata miaka minane, kwa sababu 1911 ulikuja mwingine wa kuwatoa Laikipia pia. Kando ya ziwa yakabaki mashamba ya walowezi.

Na hao walowezi wakatazama ziwa kama wenzao walivyotazama Gura. Wakaliona tupu.

Ila halikuwa tupu. Ndani kulikuwa na kasamaki kadogo sana, ka urefu wa vidole viwili hivi, kenye jicho linalong'aa. Wanasayansi walikaita Aplocheilichthys antinorii. Hakakuwa na thamani kwa mtu mwenye ndoano, hata kichwa chake hakingeimeza. Kaliishi humo kwenye nyasi za majini kakila wadudu na kakiliwa na ndege, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Huyo ndiye aliyekuwa wa hapa.

Mwaka 1925 waliingiza tilapia. Halafu mwishoni mwa miaka ya 1920 wakaleta blakibasi, kutoka Marekani, kwa ajili ya mchezo wa ndoano. Hawakuchagua vibaya, kama wewe ni mvuvi wa raha. Blakibasi anavumilia maji ya joto kuliko trauti, anashambulia chambo kwa hasira, anaruka, dume lake linalinda kiota kama bawabu. Lakini ni mwindaji. Anakula chochote kinachoingia kwenye ule mdomo. Na samaki wa urefu wa vidole viwili anaingia vizuri sana.

Kale kasamaki ka jicho linalong'aa kalionekana Naivasha kwa mara ya mwisho mwaka 1962. Lawama kubwa wataalamu huiweka kwenye mdomo wa blakibasi.

Mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya bendera kupandishwa. Tulipokuwa tunasubiri kurudishiwa nchi, mwenyeji mmoja alikuwa ameshaondoka na hakuna aliyeandika tanzia.

Kuanzia hapo ziwa likawa kama sufuria ambayo kila mgeni anaongeza chumvi. Mwaka 1959 uvuvi wa biashara wa nyavu ulikuwa umefunguliwa, na kwa mara ya kwanza watu wa kawaida wakaanza kupata riziki kwenye maji haya. Mwaka 1970 wakaletwa kamba wekundu wa maji baridi, asili yao Louisiana, wakipitia Uganda, wawe chakula cha blakibasi na pia biashara. Kamba wakazaliana, wengine wakauzwa hadi Ulaya, na njiani wakala mimea ya chini ya maji kama mbuzi kwenye shamba la jirani. Mwaka 2001 uvuvi ulifungwa takriban mwaka mzima kwa sababu samaki walikuwa wamepungua mno, na wakati huohuo ndipo wavuvi walipoanza kuona samaki mwingine mgeni kwenye nyavu, kapi, aliyeaminika kutoroka kwenye mabwawa ya kufugia wakati wa mafuriko. Kapi anachimba matope akitafuta chakula. Maji yanachafuka. Blakibasi anawinda kwa macho. Ndani ya miaka michache kapi akawa ndiye samaki mkuu wa Naivasha, na mfalme wa ndoano akabaki mmojammoja kando ya mafunjo, akisubiri vijana wa video.

Unaona mchezo ulivyoenda? Mmoja analetwa kwa raha, mwingine analetwa kumlisha wa kwanza, wa tatu anakuja bila mwaliko na kuwapiga wote.

Sasa najua kuna mtu hapa anasema: we jamaa, unalia kwa sababu ya dagaa wa 1962? Watu wana njaa, kodi ya nyumba inangoja, na wewe unaomboleza kasamaki kasikoliwa. Swali halali. Wacha nijibu vizuri.

Kwanza, mimi sina vita na samaki wageni. Mahindi ni mgeni. Viazi ni mgeni. Chai ambayo tunajisifia duniani ni mgeni. Tilapia na kapi wa Naivasha wamesomesha watoto, na mama wa Karagita anayekaanga samaki jioni hahitaji kuomba msamaha kwa mtu. Trauti wa Mlima Kenya pia ametoa ajira, kuna wanaomfuga na kumuuza. Na ukweli mwingine ambao sikuutegemea: mahali ambapo watu wanajali trauti, mara nyingi kuna mtu anaangalia kama mto ni safi na kama msitu umekatwa, kwa sababu trauti hawezi kuishi kwenye mto mchafu. Hiyo ni faida, siwezi kuificha.

Pili, na hapa ndipo roho yangu iko. Shida yangu ni wazo lililokuja na huyo samaki na halijaondoka hata baada ya aliyemleta kuondoka. Wazo kwamba mtu anayevua kwa raha ni mwanamichezo na mtu anayevua ili ale ni mwizi mpaka athibitishe vinginevyo.

Jaribu kuzunguka Ziwa Naivasha kwa miguu. Siku nzima utatembea na ua: ua la shamba la maua, ua la hoteli, ua la nyumba ya mtu. Ziwa lina ukubwa wa zaidi ya kilomita 100 za mraba na watu wa kawaida wanalifikia kupitia vichochoro vichache kama Kamere. Ukiwa na pesa ya hoteli, utavua kutoka kwenye nyasi zilizokatwa vizuri, na mhudumu atakuletea juisi. Ukiwa kijana wa Karagita huna leseni ya mashua, na leseni zina kikomo, utaingia majini usiku, kwa miguu, mpaka kifuani, kwenye mafunjo walipo viboko. Na watu wanakufa hivyo, kila mtu Naivasha anamjua mmoja.

Sisemi nyavu za macho madogo ni sawa. Hapana. Zinabeba hata watoto wa samaki, na aliyefanya hivyo jana ndiye anayelia leo kwamba ziwa limeisha. Mzee wa mashua ndiye aliyekuwa mkali zaidi juu ya hilo, alisema hao vijana wanakula mbegu. Lakini alisema kitu kingine pia: "Ukimfungia mtu lango mchana, atapita kwenye ua usiku." Nimefikiria hiyo sentensi kuliko vitabu vyote nilivyosoma.

Na tusijidanganye kwamba ni mambo madogo. Januari 2006, Joan Root, mtengenezaji filamu za wanyamapori aliyeishi kando ya ziwa na kugharamia kikosi cha kupambana na uvuvi haramu, alipigwa risasi nyumbani kwake Naivasha. Washtakiwa waliachiliwa na mahakama. Mama aliyelipenda ziwa aliuawa kando ya ziwa, na mpaka leo watu wa pale wanapunguza sauti wakilitaja jambo hilo. Mahali ambapo samaki, lango na njaa vinakutana kwa miaka mia moja, hakubaki mchezo.

Ninachotaka ni kitu rahisi kusema na kigumu kufanya. Nataka vichochoro vya kufika ziwani vilivyo kwenye ramani viwe wazi pia ardhini. Nataka kijana wa Kamere akiomba leseni apewe jibu, ata kama ni hapana, lakini yenye sababu. Nataka mtoto wa Nyeri ajue anaweza kukaa kando ya Thego na ufito bila moyo kumpiga. Na nataka sisi, kizazi cha kamera, tukiweka video ya samaki mzuri, tuseme ametoka wapi. Si kwa kumchukia. Ni kwa sababu ukiita kitu "chetu tangu zamani" wakati kimekuja juzi, unafunika aliyekuwepo. Kale kasamaki kalifunikwa hivyo. Wamaasai wa Naivasha walifunikwa hivyo. Waliobeba mayai ya trauti kichwani walifunikwa hivyo.

Nilitaka kumrudisha yule blakibasi majini kama wale wa mtandaoni. Mzee alinishangaa sana. "Unamrudishia nani?" Enyewe sikuwa na jibu. Tulimpeleka ufuoni, mama mmoja akampasua, akamtia chumvi na pilipili, akamkaanga mpaka mifupa midogo ikawa inaliwa. Nusu tulikula hapo tukiwa tumesimama. Nusu nikaifunga kwenye gazeti, kwa sababu kesho yake nilikuwa napitia Nyeri kumwona shosho.

Sijawaambia jinsi alivyoanza kunisimulia habari ya kaka yake. Miaka yote hii hakuwahi kuitaja, hata mama yangu hakuijua. Nilifika jioni, nikaweka lile gazeti mezani, nikalifungua. Nikamwambia, "Shosho, nimekuletea samaki. Nilimvua mwenyewe."

Aliangalia samaki. Halafu aliangalia mlango. Ana zaidi ya miaka themanini, nchi ina bendera yake tangu 1963, Grogan amebaki kuwa mahali pa kununua shoki. Shosho akavuta gazeti, akamfunika yule samaki polepole, akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Kuna mtu amekuona?"